Kisa cha Bluebird K7: si haraka peke yake iliyomuua Donald Campbell

Asubuhi ya tarehe 4 Januari 1967, kwenye Ziwa Coniston kaskazini magharibi mwa Uingereza, Donald Campbell, Mwingereza mweka rekodi za mwendo, akiwa ndani ya boti yake ya jeti Bluebird K7, aliipita kilomita ya kupimia kwa wastani wa maili 297.6 kwa saa, yaani kilomita 479. Hakuna boti iliyowahi kupimwa rasmi ikienda mwendo ule. Kanuni za rekodi zinataka mbio mbili, kwenda na kurudi ndani ya saa moja, kisha wastani wake ndio unaoandikwa. Ilipangwa kwamba akimaliza mbio ya kwanza angojee, boti ijazwe mafuta na maji yatulie. Hakungoja. Aligeuza, akakanyaga mafuta kurudi alikotoka, na kabla hajaimaliza kilomita ile mara ya pili Bluebird K7 iliinua omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikaacha maji, ikabiruka kinyumenyume hewani na kujitumbukiza ziwani. Campbell alikuwa na umri wa miaka 45.

Tangu siku hiyo hukumu ya wengi imekuwa moja: haraka. Aligeuza kabla maji hayajatulia, akakutana na mawimbi yake mwenyewe, akafa. Ni hukumu inayoingia akilini upesi, na sisi methali yake tunayo tayari. Historia ya mashindano ya boti hizi naipenda na nimeifuatilia kwa muda mrefu, na kila ninapoitazama tena filamu ya asubuhi ile nazidi kuamini kwamba hukumu hiyo inamwonea marehemu. Baya zaidi, inaificha sababu iliyowaua madereva wengine baada yake. Boti ile ilikuwa imefika ukingoni mwa uwezo wake kabla hajageuza kurudi.

Kwanza tuelewe ni boti ya namna gani. Haidropleni haipasui maji kama mashua, bali huteleza juu yake. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo sehemu inayogusa maji inavyopungua, na maji yakipungua kuikamata, mwendo unapanda zaidi. Muundo uliotawala mashindano kwa miongo mingi ni wa miguu mitatu. Miwili iko mbele, kulia na kushoto, imetokeza nje ya mwili wa boti kama matengo ya ngalawa. Wa tatu ni kipande kidogo cha tezi, yaani sehemu ya nyuma. Ikiwa kwenye kasi kamili, boti nzima inashikiliwa na sehemu tatu ndogo za kugusa maji, na zilizobaki zote ziko hewani.

Adolph Apel na mwanawe Arno, wenye karakana ya boti ya Ventnor huko New Jersey, Marekani, ndio walioufanya muundo huo uwe wa ushindi katika miaka ya 1930. Ulienea haraka kwenye boti ndogo za mashindano, zikiwemo zile za injini ya kupachika nyuma ambazo dereva huziendesha akiwa amepiga magoti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mafuta. Ni boti nyepesi mno, lakini mwaka 1958 Hubert Entrop wa Seattle aliivusha moja ya aina hiyo maili 107 kwa saa. Sir Malcolm Campbell, babake Donald, alikuwa ameuchukua muundo huohuo mapema zaidi: boti yake K4 ilijengwa kwa leseni ya Ventnor, na Agosti 1939, hapohapo Coniston, ikaweka rekodi ya maili 141.74 kwa saa. Halafu akaja Stanley Sayres na Slo-mo-shun IV, iliyokwenda maili 160 kwa saa kwenye Ziwa Washington mwaka 1950 na maili 178 mwaka 1952, ikiwa na injini ya ndege ya kivita na rafadha, yaani panga la kusukuma maji, ambayo nusu yake ilizunguka hewani.

Uzuri wa muundo ndio uliobeba hatari yake. Kati ya ile miguu miwili ya mbele kuna uwazi, na hewa inaingia hapo na kubanwa chini ya tumbo la boti. Kwenye mwendo wa wastani hewa hiyo ni msaada mtupu kwa sababu inapunguza uzito juu ya maji. Ila nguvu yake haipandi sambamba na mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya hewa inaongezeka mara nne. Na omo ikiinuka kidogo tu, hewa inapata uso mkubwa zaidi wa kusukuma, omo inainuka zaidi, na baada ya hapo hakuna kinachoirudisha chini.

Madereva walilijua hilo. Agosti 1955, kwenye Ziwa Washington, Lou Fageol alikuwa akiipitisha Slo-mo-shun V kwenye mchujo wa Kombe la Dhahabu. Omo ikainuka, boti ikafanya mzunguko mzima kinyumenyume angani na kutua ikiwa wima. Fageol alirushwa nje akaumia vibaya, na mbio zake ziliishia hapo. Mwezi mmoja tu kabla yake, Julai 1955, Donald Campbell alikuwa ameweka rekodi yake ya kwanza kwa K7 kwenye Ziwa Ullswater: maili 202.32 kwa saa. Kwa hiyo K7 ikiwa bado mwanzoni mwa maisha yake, namna itakavyokufa ilikwisha kuonekana hadharani.

K7 ilibuniwa na ndugu wawili, Ken na Lew Norris, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa boti zilizofikiriwa vizuri kuliko zote za karne iliyopita. Mwili wake ulikuwa wa chuma na alumini, na rafadha haikuwepo, bali injini ya jeti ya Metropolitan-Vickers Beryl. Wakati huo jeti majini ilikuwa jambo la kutisha. Mwaka 1952 John Cobb alikuwa amefariki Loch Ness, Scotland, ndani ya boti yake ya jeti, Crusader, ikiwa imevuka maili 200 kwa saa, na mawimbi yaliyoachwa na boti ya wasaidizi wake yalitajwa sana kama chanzo. Ni kifo kile kilichowafanya watu wa 1967 wayafikirie mawimbi kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya Ullswater, K7 ilivunja rekodi yake yenyewe mara kwa mara: Ziwa Mead, Marekani, mwishoni mwa 1955, kisha Coniston mwaka 1956, 1957, 1958 na 1959, hadi maili 260. Ya saba ilipatikana Ziwa Dumbleyung, Australia Magharibi, tarehe 31 Desemba 1964: maili 276.33 kwa saa. Miezi michache kabla yake, kwenye Ziwa Eyre lililokauka, Campbell alikuwa ameweka pia rekodi ya gari, maili 403.10. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuchukua rekodi ya nchi kavu na ya majini ndani ya mwaka mmoja.

Mtu mwenye historia hiyo si mpuuzi wa maji. Huko Mead mwaka 1955 mawimbi ya boti za watazamaji yalikuwa yameijaza K7 maji hadi ikazama, ikabidi iopolewe na kutengenezwa upya. Huko Dumbleyung alisubiri wiki kadhaa upepo utulie, mpaka siku ya mwisho ya mwaka. Subira aliijua. Basi ni lazima tuulize 1967 kulikuwa na tofauti gani.

Tofauti ya kwanza ilikuwa fedha. Campbell alitaka kujenga gari la roketi la kuvuka mwendo wa sauti, na wadhamini hawakuwa na haraka ya kumfuata. Akaamua kurudi majini na boti ileile ya zamani avuke maili 300 kwa saa, apate vichwa vya habari na pesa zifuate. Alifika Coniston Novemba 1966, ikiwa ni majira ya baridi, siku fupi, mvua na upepo. Waandishi wa habari walipiga kambi. Wiki zikapita. Wengine wakaanza kuandika kwamba zama zake zimekwisha. Sisemi kwamba hayo yalimsukuma kukanyaga mafuta asubuhi ile, hata hivyo mwanadamu aliyekaa kwenye baridi miezi miwili huku kila siku akiulizwa "lini?" hafanyi maamuzi akiwa peke yake.

Tofauti ya pili ilikuwa injini, na hapa ndipo kisa chote kilipo. Beryl ilitolewa, ikawekwa Bristol Siddeley Orpheus, injini ya ndege ndogo ya kivita aina ya Folland Gnat. Ilikuwa nyepesi kuliko Beryl na yenye msukumo mkubwa zaidi. Mkia wa Gnat nao uliwekwa juu ya tezi ili kuinyoosha boti, na ikaongezwa breki ya maji, kipande kinachoshushwa majini kwa nguvu ya haidroliki ili boti isimame ndani ya ziwa lenye urefu wa kilomita nane tu. Majaribio ya kwanza yalikwenda vibaya: njia ya hewa ililegea, injini ikavuta ribiti na kuharibika, ikabidi iwekwe nyingine. Baadaye mfumo wa mafuta ukasumbua na kurekebishwa. Yote hayo ni matatizo ya kawaida ya karakana, na fundi mkuu Leo Villa, aliyefanya kazi na baba kabla ya mwana, aliyazoea.

Ambacho hakikubadilika ni umbo la boti. Mwili ule, miguu ile na tumbo lile vilichorwa mapema katika miaka ya 1950, rekodi zikiwa bado hazijafika maili 200. Chukua kalamu ukokotoe. Kutoka maili 202 za Ullswater hadi maili 328, ambazo K7 ilizigusa sekunde chache kabla ya kubiruka, nguvu ya hewa chini ya boti inaongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Hata ukianzia kwenye rekodi ya Dumbleyung, ni ongezeko la asilimia 41 hivi. Kila rekodi mpya ilikuwa inakula akiba ya usalama ambayo ndugu Norris waliiweka mwanzoni, na Orpheus ilikuwa na nguvu ya kutosha kuimaliza.

Sasa turudi kwenye mbio yenyewe. Ya kwanza, kutoka kaskazini kwenda kusini, ilikwenda vizuri. Kilomita ile ilichukua sekunde saba na nusu hivi, na kilele cha mwendo kilifika maili 315. Ili wastani uvuke 300 alihitaji kurudi kwa zaidi kidogo ya maili 302. Alikuwa na boti yenye uwezo huo, na aliujua.

Kuhusu kugeuza bila kungoja, kuna jambo ambalo wanaomlaumu hulisahau. Hakulianza siku ile. Katika mbio nyingi za nyuma aligeuza upesi vivyo hivyo, na kwa sababu ya maana: mawimbi ya boti husafiri kuelekea kingo za ziwa, hugonga na kurudi katikati. Ukigeuza mapema unaikuta kilomita ya kupimia bado safi, kabla mawimbi hayajarejea. Ukisubiri kidogo unakutana nayo katikati. Ukisubiri sana yanatulia. Kwa hiyo uamuzi wake ulivunja mpango wa siku ile lakini haukuvunja mantiki ya kazi.

Pale maji yalipokuwa yamevurugika kwelikweli ni kusini, karibu na kisiwa cha Peel, ambako breki ya maji ilikuwa imechimba na kuchafua uso wa ziwa wakati wa kusimama. K7 ilipita hapo ikianza kurudi, na ilidundadunda vikali kutoka mguu huu hadi mguu ule. Kisha ikatoka. Mita mia kadhaa kabla ya kilomita ya kupimia iliingia kwenye maji laini na kuongeza mwendo kwa nguvu. Kama mawimbi yake ndiyo yangemuua, yangemuua kule nyuma, kwenye mwendo mdogo zaidi.

Kilichofuata kilichambuliwa kwa makini miaka mingi baadaye, picha baada ya picha, kwa kulinganisha filamu na sauti ya redio. Mguu wa mbele wa kulia ulianza kuruka na kurudi majini, kila ruko likiwa kubwa kuliko lililotangulia. Kwenye maili 328 ulifanya ruko refu zaidi, na boti iliporudi majini ikapoteza mwendo ghafla, hadi karibu maili 296. Hapo injini ikazimika.

Hilo la injini linahitaji kuelezwa kidogo. Msukumo wa Orpheus ulikuwa ukitoka juu ya kitovu cha uzito wa boti. Maana yake, muda wote injini inaposukuma, inaikandamiza pia omo chini kidogo. Ikizimika, mkandamizo ule unatoweka mara moja, wakati hewa chini ya tumbo bado inasukuma juu kwa nguvu ileile. K7 ikabaki inaelea juu ya maji kama ndege inayotaka kutua, omo ikipanda polepole, mpaka ikapita pembe ya digrii tano na ushei, mpaka wa uthabiti wake. Kuanzia hapo hakuna fundi wala rubani ambaye angeweza kuirudisha.

Redioni Campbell alikuwa akieleza anachokiona, sekunde kwa sekunde, kwa sauti ya mtu anayeripoti kazini: haoni vizuri, maji mabaya, omo imeinuka, na kwamba anakwenda. Mikononi alikuwa na usukani, mguuni kanyagio la mafuta. Hivyo ndivyo vyote alivyokuwa navyo. Usukani huelekeza kulia na kushoto tu. Kanyagio lilikuwa na ubaya wake, kwa sababu kuondoa mguu, jambo ambalo mwili wa mtu yeyote ungelifanya wenyewe, kungeondoa na ule mkandamizo uliokuwa ukiishusha omo. Dereva alikalishwa ndani ya chombo ambacho kikishaanza kuruka hakuna amri anayoweza kukipa.

Ndiyo maana naona kumlaumu kwa kugeuza mapema ni kutafuta kosa mahali pasipo na kosa kubwa. Tuseme angesubiri. Angejaza mafuta, maji yangetulia, angerudi kwa maji safi kabisa. Bado angehitaji zaidi ya maili 302 kwa boti isiyo na akiba, na kwa jinsi injini ile ilivyovuta, angezipita. Pengine angefika. Pengine ruko moja la mguu wa kulia lingetosha, leo au wiki ijayo. Uamuzi uliokuwa na uzito ni ule wa 1966, wa kuweka injini yenye nguvu zaidi kwenye mwili uleule na kuuomba mwili huo maili 300. Walioufanya walikuwa watu hodari na waangalifu, na kila hatua waliyopiga ilikuwa ndogo ukiilinganisha na iliyotangulia. Rekodi saba zilizofanikiwa zilikuwa zimewaambia kwamba hatua ndogo ni salama.

Mara tu baada ya ajali, vitu vilivyoelea juu vilikuwa vipande vya boti, kofia ya dereva na Mr Whoppit, mwanasesere wa dubu ambaye Campbell alisafiri naye kila mbio. Wazamiaji wa jeshi la majini walitafuta mwili bila kuupata. Ilipita miaka 34. Mwaka 2001 mzamiaji Bill Smith na wenzake waliiopoa K7 kutoka zaidi ya mita 40 chini ya ziwa, na mwezi Mei mwaka huohuo wakaupata mwili wa Campbell. Alizikwa kijijini Coniston tarehe 12 Septemba. Boti ilikarabatiwa kwa miaka mingi na mwaka 2018 ikateleza tena, safari hii kwenye Loch Fad katika kisiwa cha Bute, Scotland, bila kupelekwa karibu na mwendo wa 1967. Baada ya mvutano mrefu kuhusu umiliki ilirejeshwa kwenye Makumbusho ya Ruskin, Coniston, Machi 2024.

Na maili 300? Ken Warby, Mwaustralia aliyejijengea Spirit of Australia nyuma ya nyumba yake Sydney kwa injini ya jeti iliyouzwa na jeshi kama mabaki, alizivuka tarehe 8 Oktoba 1978 kwenye bwawa la Blowering: maili 317.6 kwa saa, kilomita 511. Hakuna aliyemfikia hadi leo. Lee Taylor alijaribu mwaka 1980 akafa Ziwa Tahoe. Craig Arfons alijaribu mwaka 1989 akafa Florida.

Kwenye mashindano ya kawaida, ambako boti hukimbia bega kwa bega mbele ya maelfu ya watu, somo la hewa lilichelewa kwa namna inayouma. Bill Muncey, bingwa aliyeheshimiwa kuliko wote wa boti kubwa, aliuawa Acapulco Oktoba 1981 boti yake ilipobiruka kinyumenyume. Miezi tisa baadaye Dean Chenoweth akafa vivyo hivyo kwenye mto Columbia. Wote wawili walikuwa wamekaa kwenye boti za wazi, bila kifuniko. Ni baada yao ndipo vifuniko vya vioo vya ndege za F-16 vilipoanza kufungwa juu ya dereva, pamoja na mikanda na hewa ya kupumulia, na miaka michache baadaye vikawa lazima. Boti hizo pia hupewa bawa dogo mbele, linalopindishwa kwa kanyagio: omo ikipanda, dereva analikanyaga, hewa inaikandamiza ishuke. Hicho ndicho chombo ambacho Campbell hakuwa nacho. Boti bado zinabiruka karibu kila msimu, na mara nyingi dereva hufungua mlango wa chini, anatoka, na kupunga mkono kwa boti ya uokoaji.